Klasi 12, Njia Moja

Wacha niseme wazi: kitabu cha mchezo kinachojigamba kwa wingi wa klasi hunitia shaka. Klasi ni ile kazi ya mhusika wako, yaani mpiganaji, mchawi, kasisi, mwizi. Dungeons & Dragons ilianza na 3 mwaka wa 1974. Player's Handbook ya 2014 ina 12, na bado nasikia wasee wakililia zingine.

Sisi hatukuwa na pesa ya kitabu hicho. Tulicheza na SRD 5.1, hati ya kanuni inayotolewa bure, Jumamosi kwa binamu yangu kule Umoja, dadu zikiwa kwenye simu. Hati ina klasi zote 12. Sherehe! Kisha unaingia ndani: kila klasi ina tawi 1 pekee. Vipaji vya ziada? Kimoja, cha kumkaba adui. Binamu akachagua mpiganaji. Ngazi ya 3 akapewa tawi la Champion kwa sababu hakukuwa na lingine: akitupa 19, pigo linahesabika kama 20. Basi. Kutoka hapo hadi ngazi ya 9, uamuzi aliobakishiwa ni aongeze namba wapi, nguvu au wepesi. Kila zamu ni "napiga", halafu "napiga tena". Akaanza kutazama mechi chini ya meza. Jumamosi moja alitufungulia mlango, akatupangia viti, akaenda zake kinyozi.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo hii stori inaniuma kidogo. Nilijaza kozi nikiwa na miaka 18, kutoka kwa orodha ndefu kushinda menyu ya hoteli. Ukishajaza, kila somo lishapangwa hadi siku ya kuvaa gauni. Hakuna kona ya kukata.

Mtaniambia niende Pathfinder. Tulienda. Kanuni zake ziko bure mtandaoni, kihalali kabisa. Toleo la pili, la 2019, nalo lilianza na klasi 12, lakini mpiganaji anachagua kipaji cha klasi ngazi ya 1, ya 2, ya 4, ya 6, hivyo hivyo hadi 20. Binamu akarudi mezani. Ila ukweli usemwe: kuunda wahusika 4 kulitumalizia jioni nzima, na mmoja wetu alisinzia katikati ya orodha ya vipaji. Klasi 12 zenye kina cha namna hiyo zinazaa kitabu cha kurasa zaidi ya 600. Mgeni gani atasoma hiyo?

Basi punguzeni klasi! Nipeni 4 au 5 na uamuzi wa maana kila ngazi. Druidi anaweza kuwa kasisi aliyechagua wanyama ngazi ya 2 na miti ngazi ya 4. Mtawa ni mpiganaji aliyetupa upanga. Najua kwa nini hawatafanya hivyo: klasi mpya inauza kitabu kipya, na sura yake inapendeza kwenye jalada. Uamuzi wa ngazi ya 6 hauchoreki.

Binamu sasa yuko ngazi ya 8. Juzi tulibishana dakika 20 kuhusu kipaji kipi achukue, mpaka chai ikapoa, na bado hajaamua.