Kazi Zetu Zina Filamu Ndani Yake
Safu ya Rukia Mwachiro, Falls Church, Virginia

Papa Shirandula alikuwa akiaga nyumbani akiwa na suti, mkewe Wilbroda akiamini mume ni mtu wa ofisi, kumbe kazini anavaa sare za soja na kulinda geti. Wakenya walimcheka kwenye Citizen TV kwa zaidi ya muongo mmoja. Charles Bukeko, aliyemwigiza, alifariki Julai 2020, lakini huku Falls Church bado tunamtazama kwenye simu, kwa sababu tunaishi naye. Wapo wenzetu wenye digrii wanaolinda majengo ya ofisi usiku kucha, wanaowaogesha wazee majumbani, wanaopeleka abiria uwanja wa ndege wa Dulles kabla ya alfajiri. Kwao Kakamega na Tanga wanajulikana kuwa wako ofisini Marekani.

Nataka tutengeneze filamu yetu ya vichekesho vya kazini, yenye wahusika wengi, na naisema hoja hii kwa dhati.

Mfano upo: mwaka 1980 ilitoka filamu ya Nine to Five, iliyoongozwa na Colin Higgins. Jane Fonda, Lily Tomlin na Dolly Parton ni wanawake watatu wa ofisi moja chini ya bosi anayeiba mawazo yao na kuwapandisha vyeo wanaume waliofundishwa kazi na wanawake hao hao. Wanamteka, wanamfungia nyumbani kwake, kisha wanaiendesha ofisi watakavyo: saa za kazi zinazonyumbulika, mahali pa kulelea watoto hapo hapo kazini, watu wawili kugawana nafasi moja, mshahara sawa kwa kazi sawa. Mkubwa wa kampuni anapokuja kukagua anasifu kila kitu, isipokuwa huo mshahara sawa. Ucheshi mkali kuliko huo siujui.

Filamu hiyo haikutoka hewani. Mwaka 1973, Karen Nussbaum na Ellen Cassedy, waliokuwa wakipiga taipu katika Chuo Kikuu cha Harvard, walianzisha chama cha wanawake wa maofisini mjini Boston, wakakiita 9to5. Fonda alikuwa rafiki ya Nussbaum. Wakati wa kuiandaa filamu, yeye na Higgins walikwenda Cleveland kukaa na masekretari na kuwauliza wamewahi kuota kuwafanyia nini mabosi wao. Majibu yakamiminika, na zile ndoto za kulipiza kisasi zikaingia kwenye filamu. Nussbaum baadaye alihamia jirani na sisi hapa Washington, kuongoza ofisi ya masuala ya wanawake katika Wizara ya Kazi chini ya Rais Clinton.

Najua wapo watakaosema filamu ya namna hii itatuaibisha: kwa nini tuwaonyeshe watu kwamba tunabeba boksi? Lakini tazama nani anachekwa. Katika Nine to Five anachekwa bosi, si mpiga taipu. Kwa Papa Shirandula kinachochekwa ni ule uongo wa suti. Kulinda geti ni kazi halali iliyolisha familia nyingi na kusomesha watoto. Aibu yetu inatunzwa na kimya, na kimya hicho kinamfaa sana msimamizi anayekupigia simu siku yako ya mapumziko.

Malighafi tunayo tele. Muuguzi mwenye miaka mingi ya wodini kwao, anayelazimika kuanza upya kwa mitihani. Mama anayelea mzazi wa mtu mwingine huku mwanawe akilelewa na jirani. Ratiba ya shifti inayobadilishwa kwa ujumbe wa usiku. Hata ukumbi upo: State Theatre, barabara ya North Washington, uliofunguliwa kama sinema mwaka 1936 na leo unapigiwa muziki.

Tuanze kama walivyoanza Cleveland, kwa kuuliza kabla ya kuandika. Kikao cha kwanza kiwe Jumapili alasiri, wa shifti ya usiku wakiwa wameshaamka.