Kichaka Kizuri cha Kwenye Picha Bado Siyo Biashara

Vijana wa vitalu, swali lenu ni lilelile: "Afisa, hiki kichaka kifupi chenye maua meupe pe, tukioteshe tuuze?" Kinaitwa deutzia, na aina fupi inayosifiwa sana ni Nikko. Asili yake Japani. Marekani iliichukua huko mwaka 1976. Kinaenda juu kama sentimita 60 tu na kutanuka hadi mita moja na nusu. Kwa bustani ndogo, hapo sina ubishi.

Lakini msimamo wangu ni huu: usizamishe hela ya mtaji humo. Huu ni mmea unaopukutisha majani. Macho ya maua hujitengeneza kwenye matawi ya msimu huu, hulala kipindi chote cha baridi kali, kisha hufunguka joto likirudi. Ile baridi ndiyo inayoyaamsha. Ikikosekana, unaweza kubaki na majani mengi na maua ya kuhesabu. Nani atanunua hayo?

Utaniambia Njombe na Lushoto kuna baridi. Kweli, mwezi wa sita na wa saba usiku unauma, ila mchana jua linatoka. Siyo sawa na miezi ya theluji. Tufaha wana shida hiyohiyo: kwenye nchi za joto wakulima huchagua aina zisizodai baridi nyingi, kama Anna, na wengine hupukutisha majani kwa mkono ili mti uchipue.

Unataka kujaribu? Sawa, ila jaribu kibiashara. Anza na miche michache, nyanda za juu tu. Pata kibali cha kuingiza mimea na cheti cha afya ya mmea. Tanzania nenda TPHPA, Kenya KEPHIS. Kuficha vipandikizi kwenye begi ni kuleta magonjwa shambani kwa jirani. Ikichanua, pogoa mara tu maua yanapoisha. Ukichelewa unakata maua ya mwakani. Vipandikizi laini vinatoa mizizi kirahisi, kwa hiyo kuzalisha siyo kikwazo. Usiuze hata mche mmoja kabla hujaona maua misimu miwili kwenye kitalu chako.

Kwa sasa, gardenia na karisa zina maua meupe yanayonukia na hazisubiri theluji. Mteja akidanganywa mara moja harudi, na anawaambia wenzake. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya mche, uliza kwanza: unadai baridi kiasi gani?