Runinga kubwa ukutani haitoshi kuendesha mkutano

ASUBUHI moja niliingia katika ukumbi mmoja wa mikutano eneo la Raskazone, jijini Tanga, kusikiliza kikao kilichounganishwa kwa video na wajumbe waliokuwa Dar es Salaam. Ukutani ilitundikwa runinga mpya ya inchi 65, ingali na nailoni yake pembeni. Picha ilikuwa safi, lakini sauti haikuwapo. Kwa zaidi ya nusu saa tuliwatazama waheshimiwa wale wakifumbua na kufumba vinywa kama samaki wa Deep Sea, hadi kijana mmoja alipokwenda kuazima spika ya harusini.

Tulicheka. Hata hivyo, vifaa vya aina hiyo sasa vinagusa uhuru wa watu. Mwaka 2021 zilitungwa kanuni zinazoruhusu mahakama nchini kusikiliza mashauri huku wahusika wakiwa mbali. Aprili 24, 2025, Mwenyekiti wa Chadema, Tundu Lissu, aliyekuwa mahabusu, alikataa kushiriki kwa njia ya video katika kesi zilizokuwa zikimkabili Mahakama ya Kisutu, akitaka afikishwe mbele ya hakimu. Mei 19 alifikishwa.

Mjadala uliofuata ulikuwa wa siasa na sheria, na ilistahili. Lakini lipo swali dogo ambalo halikupewa nafasi: je, mtu aliye upande wa pili anaonekana na kusikika sawasawa?

Kwa Tanga swali hili lina uzito. Shahidi wa Kilindi au Lushoto akiweza kutoa ushahidi bila kushuka hadi mjini, ataokoa nauli na siku ya kazi. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa Agosti 2017, linaishia Chongoleani, ng'ambo ya ghuba. Shughuli zake zinahitaji vikao na watu wa Kampala na kwingineko. Wala teknolojia si ngeni. Machi 2020, corona ilipobisha hodi, Baraza la Mawaziri la SADC lilikutana kwa video chini ya uenyekiti wa Tanzania.

Tatizo ni kwamba wanunuzi wengi huanzia kwenye runinga, na pengine huishia hapo. Runinga ya inchi 65 ina kimo cha sentimita 80 hivi. Aliyeketi zaidi ya mita tano kutoka hapo atasoma maandishi yake kwa taabu. Kamera ikiwekwa juu karibu na dari, upande wa pili utaona vipara. Raskazone nako kuna raha yenye gharama: madirisha mapana yanayotazama bahari. Mzungumzaji akiipa bahari mgongo, hugeuka kivuli cheusi kisicho na uso. Pazia zito la bei nafuu lingemsaidia kuliko runinga ya pili.

Sauti ndiyo roho ya jambo lenyewe. Picha ikikwama kidogo mkutano huendelea. Neno likikatika, ushahidi hubadilika. Sakafu ya vigae na kuta tupu huzaa mwangwi, na kipaza sauti kilichowekwa mbali na msemaji hubeba zaidi muungurumo wa feni.

Kuhusu mtandao, hali si ile ya zamani. Tulipotegemea setilaiti zilizo kilomita 36,000 angani, sauti ilichelewa kwa robo sekunde kila safari, na watu wakawa wanakatizana kauli. Nyaya za baharini za SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, pamoja na Mkongo wa Taifa (jina linalowachanganya wazee wetu wa mkonge), zimeondoa sehemu kubwa ya kero hiyo. Lakini Mei 12, 2024, nyaya hizo mbili zilipokatika baharini, intaneti ilizorota nchini. Chumba kinachotegemea njia moja tu siku hiyo kilibaki na pambo ukutani.

Basi wanaosimamia zabuni wasiridhike na runinga kuwaka. Kabla fundi hajalipwa, mtu mmoja aketi kiti cha nyuma kabisa, mwingine apige kutoka Kilindi na kusoma orodha ya majina na tarakimu. Aliyeko nyuma aandike anachosikia. Orodha mbili zikilingana, hati ya malipo isainiwe.