Kikulacho Ki Nguoni Mwako: Haja ya Kuupiga Marufuku Ukoo Mzima

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii, ambayo aghalabu hufasiriwa kama fumbo kuhusu rafiki msaliti, ilitimia kwa maana yake ya wazi nchini Marekani katika miaka ya 1970. Ili kuwakinga watoto na moto, nguo zao za kulalia zilitiwa kemikali iitwayo trisi ya bromini. Mnamo Januari 1977, wanasayansi Arlene Blum na Bruce Ames walionya katika jarida la Science kuwa kemikali hiyo hubadili chembe za urithi na huenda ikasababisha saratani. Kufikia Aprili mwaka uo huo, ilikuwa imepigwa marufuku katika nguo hizo.

Je, adui alikuwa ameondoka? La hasha! Nduguye, trisi ya klorini, alishika nafasi yake. Naye alipogunduliwa kuwa na tabia iyo hiyo, aliondolewa nguoni, lakini baadaye akaonekana ndani ya sponji za makochi. Kanuni ya jimbo la California ya mwaka 1975 ilidai kuwa sponji istahimili mwali mdogo wa moto kwa sekunde 12, na kemikali ndizo zilizokuwa njia rahisi ya kulitimiza sharti hilo. Kwa bahati mbaya, kemikali hizi hazishikamani na sponji. Huponyoka kidogo kidogo na kutua katika vumbi la sakafuni, pale pale mtoto anapotambaa na kisha kutia vidole kinywani. Baadhi yake zimehusishwa na kuvurugika kwa homoni na kudumaa kwa akili za watoto.

Wapo wanaoshikilia kuwa afadhali sumu ya polepole kuliko moto wa ghafla. Hoja hiyo haina mashiko. Katika kochi halisi, kitambaa ndicho hushika moto kwanza; moto unapoifikia sponji huwa umekwisha kuwa mkubwa kuliko ule wa majaribio. California yenyewe iliibadili kanuni yake mwaka 2013, kitambaa kikawa ndicho kinachopimwa kwa sigara inayofukuta, sharti linaloweza kutimizwa pasipo kemikali. Sheria yake ya mwaka 2018, iliyoanza kutekelezwa 2020, ilizikataza kemikali hizi kwa makundi katika magodoro, makochi na bidhaa za watoto zinapozidi sehemu 1,000 kwa kila milioni.

Kenya iliridhia Mkataba wa Stockholm mwaka 2004. Hata hivyo, mkataba huo huzikamata kemikali hizi chache chache: baadhi mwaka 2009, nyingine 2013, nyingine tena 2017. Wakati orodha inaposubiriwa, runinga na kompyuta kuukuu zenye kemikali hizo huendelea kuvuka mipaka. Alhasili, sheria ya Kenya haina budi kuukataza ukoo mzima, si mtu mmoja mmoja. Nyoka avuapo gamba haachi sumu yake.