Rangi, Damu na Daftari la Sensa

Dhana kwamba binadamu wamegawanyika kimaumbile katika rangi chache zenye mipaka haijasimama mbele ya vinasaba. Mwaka 1972 Richard Lewontin alikadiria kwamba takriban asilimia 85 ya tofauti za kijeni zimo ndani ya jamii moja moja. Zinazotenganisha yale makundi makubwa yaitwayo rangi ni kama asilimia 6 tu.

Hata hivyo, damu ina habari zake. Utafiti wa mabaki ya watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya pwani ya Kenya na Tanzania, uliochapishwa mwaka 2023, ulionyesha kuwa kwa upande wa mama walikuwa zaidi wa Afrika, na kwa upande wa baba wengi walitokana na Uajemi, mchanganyiko ukianza karibu na mwaka 1000. Simulizi za Washirazi wa pwani kwamba asili yao ni Uajemi, basi, hazikuwa ngano tupu. Lakini atakayetaka kuwatenga marehemu hao, huyu Mwafrika na yule Mwajemi, hatapata pa kukatia: asili zote mbili zimo katika mifupa ya mtu mmoja.

Selimundu inalieleza jambo hili vizuri zaidi. Huitwa ugonjwa wa Waafrika, na jina hilo linapotosha. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba aliyerithi jeni yake kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria. Ndiyo sababu jeni hiyo ni ya kawaida pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini ni nadra kwenye nyanda za juu zenye baridi, ingawa wakazi wa pande zote hizo ni weusi. Ipo pia India, Ugiriki na mashariki mwa Saudi Arabia. Imefuata mbu, haikufuata ngozi, na tabibu anayekisia ugonjwa kwa kutazama ngozi anaweza kumkosa mtoto anayeumwa.

Mipaka ya rangi, basi, imetoka kwa makarani. Kati ya sensa za Zanzibar za 1924 na 1931, waliojiandikisha kuwa Waswahili walipungua mno, bila tauni wala uhamaji wa kulieleza hilo. Wengi walichagua jina jingine, kwa kuwa serikali ya kikoloni ilimpa mtu nafasi kulingana na asili aliyoandikiwa. Afrika Kusini ilienda mbali zaidi: sheria ya 1950 ilimsajili kila raia kwa rangi, na ndugu wa tumbo moja waliweza kuwekwa makundi tofauti, kila mmoja na mtaa wake wa kuishi, hadi ilipofutwa mwaka 1991.