Bukavu: kabla ya kumwaga simenti, maji yatapita wapi?

Mkaaji wa Bukavu akitaka kupendezesha nyumba yake, anaomba fundi shauri juu ya rangi, makaro na bei ya simenti. Njia ya maji haiulizwi. Kiwanja chote kinafunikwa, kisha mvua inamshukia jirani wa chini.

Hesabu ni nyepesi: paa la mita 50 za mraba, mvua ikifika milimita 20, linatoa lita 1.000, sawa na mapipa 5 ya lita 200. Kwenye mteremko kama ule wa Kadutu, maji hayo yanachimba msingi wa mtu.

Fundi aulizwe kwanza juu ya mfereji na pipa, na sehemu ya udongo iachwe kwa majani, maua na mboga. Wengine watasema mfereji unakula pesa. Ukuta wa jirani ukianguka, utakula nyingi zaidi.