Bobby Williamson alikuja na makombe, tukaishia kumlipa kortini

Wewe unayesoma hii ukiwa Langas, Kapsoya, Huruma ama umekwama kwenye matatu pale katikati ya mji, jibu swali hili bila kuuliza simu. Kocha wa Eliud Kipchoge ni nani? Umejibu kabla sijamaliza: Patrick Sang. Haya, la pili. Kocha wa Harambee Stars mwaka 2015 alikuwa nani?

Kimya. Pengine umekumbuka ni mzungu fulani, basi.

Alikuwa Mskoti, Bobby Williamson, na safari yake ya kazi inatufaa sisi wa Eldoret kuliko tunavyodhani, hata kama mji wetu hauna jina kubwa kwenye kabumbu. Alizaliwa Glasgow mwaka 1961. Alikuwa straika, mtu wa kusukumana na mabeki wakubwa. Alichezea Clydebank, Rangers ikamchukua, akashuka Uingereza kwa West Bromwich Albion na Rotherham, kisha akarudi nyumbani Kilmarnock. Hakuwa supastaa. Alikuwa fundi wa kawaida aliyehama klabu hadi klabu akijitafutia riziki, na mtu wa aina hiyo huona makocha wengi na tabia zao nyingi.

Desemba 1996 Kilmarnock ikampa timu aishike. Mei 1997 wakaifunga Falkirk 1-0 na kubeba Kombe la Scotland, ambalo klabu hiyo haikuwa imelishika tangu 1929. Baadaye akaenda Hibernian, halafu Plymouth Argyle iliyopanda daraja mwaka 2004 akiwa ndiyo kwanza amefika. Chester City walimpiga kalamu Machi 2008. Miezi michache baadaye huyo, Kampala.

Najua unachofikiria. Mzungu akikosa kazi kwao anakuja kwetu kupumzika. Wapo wa hivyo, tena wengi, na mashirikisho yetu huwapokea kwa picha na maua. Lakini huyu angalia alichofanya. Akiwa na Uganda Cranes alishinda Kombe la CECAFA la 2008, la 2009, la 2011 na la 2012. Manne katika miaka mitano. Na katika fainali mbili kati ya hizo, ya 2008 na ya 2012, aliyelia ni Kenya.

Tulimlipiza lakini. Oktoba 2011 Uganda ilihitaji kushinda mechi moja tu, nyumbani Namboole, iende Kombe la Mataifa ya Afrika. Wapinzani wao walikuwa sisi, na sisi hatukuwa na cha kupoteza. Mechi ikaisha 0-0, uwanja mzima ukabaki umeduwaa. Mwaka uliofuata wakafika mlangoni tena, safari hii dhidi ya Zambia, mabingwa wa Afrika wakati huo. Walikuwa wamefungwa 1-0 Ndola, wakashinda 1-0 Kampala, matuta yakapigwa mpaka 9-8. Zambia ikapita. Mwaka 2013, baada ya kupigwa na Liberia, Waganda wakamtimua.

Hapa nataka tusimame kidogo, kwa sababu ya kipa wake. Denis Onyango alitoka SC Villa, akaenda St George ya Ethiopia, kisha Afrika Kusini kwa SuperSport United na klabu nyingine. Hata alipofika Mamelodi Sundowns alikaa benchi na kupelekwa Bidvest Wits kwa mkopo. Lakini Cranes waliendelea kumwamini golini kwa miaka hiyo yote. Mwaka 2016 Sundowns ikatwaa Ligi ya Mabingwa Afrika naye akiwa golini, akatajwa Mchezaji Bora wa Afrika miongoni mwa wanaocheza barani, na Uganda ikafuzu Kombe la Mataifa kwa mara ya kwanza tangu 1978. Alikuwa amepita umri wa miaka 30. Kipa huiva polepole kama ndizi za chungu. Ukimfunua kila dakika unamharibu. Kocha aliyekuwa benchi Uganda ilipofuzu alikuwa Micho, Mserbia. Lakini sehemu kubwa ya timu ile ilikomaa chini ya Mskoti.

Baada ya Kampala, Williamson akaja Nairobi. Gor Mahia wakampa kazi katikati ya msimu wa 2013, na K'Ogalo wakatwaa ligi. Kama wewe ni shabiki wa kijani hakuna haja ya kukueleza maana yake: mara ya mwisho ilikuwa 1995. Kulikuwa na watu wazima wenye vitambulisho ambao hawajawahi kuona klabu yao ikiwa bingwa. Ngazi ikashikwa, maana alipoondoka alimwachia Mskoti mwingine, Frank Nuttall, na mwaka 2015 Gor wakamaliza ligi bila kupoteza hata mechi moja.

Agosti 2014 Stars ilitolewa na Lesotho. Lesotho! Adel Amrouche akafutwa, Williamson akaletwa. Matokeo yake hayakuwa ya kutisha wala ya kusherehekea. Novemba 2015 tuliwafunga Cape Verde 1-0 Nairobi, siku chache baadaye wakatulipa 2-0 kwao, ndoto ya Urusi 2018 ikaishia hapo. Februari 2016 uongozi mpya ukaingia FKF. Kabla viti havijapata joto, kocha akawa nje na Stanley Okumbi akawa ndani.

Kufuta kocha si dhambi. Shida ni jinsi. Mkataba ulikuwa bado unaishi. Williamson akaenda mahakama ya kazi, nayo ikaamua alipwe fidia ya zaidi ya shilingi milioni 50. Amrouche naye alikuwa amepeleka kesi yake FIFA, na deni lake likapita milioni 100. Mwaka 2020 FIFA ikatishia kuiondoa Kenya kwenye mchujo wa Kombe la Dunia 2022 kama Amrouche hajalipwa. Yaani vijana ambao walikuwa darasa la nane alipofukuzwa nusura wakose mechi kwa sababu ya barua aliyoandikiwa.

Jumlisha hizo mbili. Zaidi ya milioni 150, na hakuna hata koni moja ya mazoezi iliyonunuliwa. Halafu panda boda uende utazame uwanja wa Kipchoge Keino, ambao ukarabati wake umesuasua kwa miaka sisi tukiambiwa subirini. Najua mfuko wa shirikisho na mfuko wa uwanja si mmoja. Lakini vichwa vinavyoamua vinafanana.

Sasa rudi kwa swali la kwanza. Mbona Sang unamjua?

Sang alishinda fedha ya kuruka viunzi na maji Barcelona 1992. Alipoacha kukimbia akageukia ukocha, na Kipchoge akamfuata akiwa bado kijana mdogo. Ubingwa wa dunia wa mita 5,000 ulikuja 2003. Dhahabu ya marathon Rio ilikuja 2016. Vienna, 1:59:40, ilikuwa 2019. Hesabu miaka hiyo: ni kocha yuleyule, na kambi ni ya Kaptagat, si mbali na hapa. Na kama unadhani ni kwa sababu Sang ni wa nyumbani, panda mpaka Iten. Brother Colm O'Connell, Mwairishi, alikuja St Patrick's mwaka 1976 kufundisha jiografia. Hakuna aliyemwambia lete medali ndani ya miezi 18 ama urudi kwenu. Amebaki, na David Rudisha alipokimbia 1:40.91 London mwaka 2012, mwalimu wa jiografia ndiye aliyekuwa kocha wake.

Utaniambia timu ya taifa si kambi ya mbio, na uko sawa. Kocha wa Stars hukaa na wachezaji siku chache, hawachagui tangu utotoni, na mashabiki hawana subira ya miaka 16. Hata mimi sidai kwamba Williamson angebaki milele. Pengine angetolewa tu kwa haki mkataba wake ulipoisha. Lakini tangu aondoke tumempitisha Okumbi, Paul Put, Sébastien Migné, Francis Kimanzi, Ghost Mulee, Engin Fırat, na sasa Benni McCarthy. Put alitupatia CECAFA Desemba 2017 na kufikia Februari 2018 alikuwa ameshaondoka. Hiyo si timu inayotafuta kocha. Hiyo ni stendi ya mabasi.

Na ugonjwa huu umeshuka mpaka mtaani. Yule jamaa anayefundisha watoto mpira jioni pale estate, mwenye filimbi na mipira miwili iliyochubuka, anafanya hivyo kwa neno la mdomo. Mwenye timu akikasirika Jumamosi, Jumapili kuna mwingine. Kipa wa miaka 15 hana mtu wa kumfunza kuanguka vizuri. Anapigiwa mashuti na yeyote aliyechelewa mazoezi. Halafu tunashangaa bonde hili lina wakimbiaji wa kila umbali na makipa wa kuhesabu kwa vidole.

Kama wewe ni huyo jamaa wa filimbi, ama unafikiria kuwa yeye goti litakapokataa, fanya mambo mawili mwaka huu. Tafuta kozi ya leseni ya D ya CAF, ndiyo ngazi ya kwanza na hakuna sheria inayosema lazima uwe umechezea timu kubwa. Pili, mwambie mwenye timu aandike, hata kama ni ukurasa mmoja: unaanza lini, unalipwa nini ama hulipwi, na mkitengana mnatengana vipi. Williamson alikuwa na karatasi. Ndiyo maana alisikizwa.

Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 linakuja Kenya, Uganda na Tanzania. Tutakuwa wenyeji, kwa hiyo mchujo hautatutisha. Kitakachotutisha ni mechi tatu mbovu za kirafiki na kelele za mitandaoni za kutaka kichwa cha kocha. Siku kelele hizo zikianza, kabla hujabonyeza kusambaza, uliza FKF swali moja pale pale chini ya posti yao: mkataba wake unaisha tarehe ngapi, na tukimfuta kesho, nani analipa na ni pesa ngapi?